Hisa Nilizomuuzia Mjomba

Mjomba wangu, kaka wa mama yangu, alikuwa fundi wa kushona pale Baraka. Alikaa barazani kwake karibu na soko, na vyerehani viwili mbele yake: kimoja kipya cha kukanyaga kwa miguu, alichokileta kwa mashua kutoka Usumbura, na kingine cha zamani cha kuzungusha kwa mkono. Alishona kaptula za kaki za makarani, kanzu za Waislamu wa ufukoni, na magauni ya bamama wa misheni. Baba yangu alipokufa kwa homa nikiwa bado mdogo, ni yeye aliyenichukua. Alinipeleka shule kwa mapadri, akanishonea kila suruali niliyovaa mpaka siku ya ndoa yangu. Hakuniita kwa jina. Aliniita "mutoto ya dada yangu", na namna alivyolitamka, wateja wake wote walijua kwamba anajivuna.

Mimi nilipomaliza shule nilifundishwa simu ya upepo, nikapelekwa Fizi, juu milimani, kwenye ofisi ya posta. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, ya mwisho mwisho ya Wabelgiji, ingawa hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua kwamba ni ya mwisho. Watu waliandika maneno yao kwenye karatasi, mimi nikayagonga kwa kidole, nukta na mistari, yakafika Bukavu, na kutoka Bukavu yakaenda hata Ulaya. Siku nilipopewa kiti kile, mtawala alinisimamisha mbele ya bendera nikainua mkono wa kuume. Niliapa kwamba neno lolote litakalopita mikononi mwangu halitatoka mdomoni mwangu. Adhabu yake ilikuwa gereza. Nilikiheshimu kiapo hicho. Nilijua nani amefiwa Uvira kabla mwenye msiba hajajua, nikapita mbele ya mlango wake nikamsalimu tu, nikasubiri tarishi ampelekee karatasi.

Mzungu aliyesimamia kiwanda cha pamba Baraka alipanda Fizi kila wiki kwa gari lake. Wakulima walimwogopa, kwa sababu pamba ilikuwa ya lazima na yeye ndiye aliyesema hii safi, hii chafu. Kwetu sisi makarani alikuwa mpole. Alikuja kwenye serkle yetu, lile jumba la matofali tulilopewa sisi tuliosoma ili tukae na viatu vyetu, tusome magazeti na kunywa bia. Huko ndiko alikotueleza kwamba, mbali na pamba, yeye ni mjumbe katika halmashauri ya banki moja kubwa. Akatuambia banki ile haina mwenyewe mmoja. Imekatwa vipande vipande, kila kipande kinaitwa hisa, na hisa zinauzwa na kununuliwa Ulaya kwenye soko lake maalumu, bei ikipanda na kushuka kama bei ya samaki.

"Hata ninyi mnaweza kununua," alisema. "Mtu mwenye hisa, banki ni yake pia."

Sijui kama mnaweza kuelewa maneno yale yalivyotuingia. Sisi tulikuwa watu wa kuingia posta kwa mlango wa nyuma na kusubiri dirishani mpaka Mzungu wa mwisho ahudumiwe. Na sasa mtu anatuambia banki ni yetu pia. Nilinunua hisa tano kupitia kwake. Zilikuwa karatasi nene, nzuri kuliko cheti changu cha ndoa, zenye picha ya mwanamke aliyekalia miganda ya mavuno, na pembeni vipande vidogo vya kukatwa. Kila mwaka ulikata kimoja, ukakipeleka banki, ukapewa faida yako. Hazikuandikwa jina la mtu. Aliyezishika ndiye mwenyewe.

Mke wangu alizitazama akazirudisha mezani. "Banki iko wapi?" aliuliza.

"Ulaya."

"Na sisi tuko Fizi," alisema, akarudi kutwanga sombe, majani yake ya muhogo.

Mjomba alikuwa kinyume chake. Niliposhuka Baraka kumwonyesha, alinawa mikono kwanza, akajipangusa vizuri, ndipo akazipokea. Hakujua kusoma Kifaransa. Alifuata ile picha kwa kidole, kisha akasema, "Mutoto ya dada yangu, na mi nataka kuwa na kitu ndani ya hii banki. Hata moja tu. Sitaki ya bure, nitanunua." Nikamwambia zimekwisha. Kila nilipokuja alinikumbusha. Alikuwa na binti mmoja, wa mwisho, aliyekuwa anasoma kwa masista Bukavu ili awe mwalimu, na alifikiri faida ya kila mwaka ingemsukuma mpaka mwisho.

Faida ya kwanza niliipata. Ya pili pia. Nilinunua baiskeli, na mke wangu akaacha kuuliza banki iko wapi.

Ndipo ikaja ile wiki. Yule Mzungu wa pamba aliingia ofisini asubuhi, kofia bado kichwani, akaomba karatasi ya simu. Aliandika, akakata neno moja, kwa sababu kila neno lililipiwa, akanisukumia. Ilikuwa inakwenda kwa ndugu yake Ulaya. Iliandikwa: Uza hisa zangu zote kabla ya mkutano wa halmashauri. Polepole, watu wasishtuke.

Neno alilokata lilikuwa "tafadhali".

Nikagonga. Yeye alisimama akitazama nje, akanisifu kwamba mkono wangu ni mwepesi, akaondoka.

Jumamosi ileile alikuwa serkle. Mwalimu mmoja wa misheni alimuuliza kama banki inaendelea vizuri, maana alikuwa anafikiria kununua. Mzungu akamshika bega. "Banki ina nguvu kuliko wakati wowote," alisema. "Mwenye hisa azishike. Asiye nazo, bado nafasi iko." Mimi nilikuwa nimekaa meza ya pili kutoka kwake. Alinitazama akainua glasi yake kwangu kwa kirafiki, kama siku zote. Mpaka leo naamini hakukumbuka kabisa kwamba kidole kilichopeleka yale maneno yake kilikuwa cha mtu mwenye hisa za banki ileile.

Siku chache baadaye jibu likapita kwangu. Zimeuzwa zote kwa bei nzuri. Hasara ya madini itatangazwa mwezi ujao.

Nilielewa. Banki ilikuwa imekopesha kampuni ya madini, kampuni imeanguka, na wenye kukaa ndani ya chumba cha mkutano walikuwa wanatoka mlangoni kimya kimya kabla waliobaki nje hawajasikia. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba katika nchi nyingine jambo hilo ni kosa, mtu anaweza kufungwa. Wakati ule sikujua hata kama lina jina.

Nilikaa na siri hiyo siku mbili. Sikumwambia mwalimu wa misheni. Sikumwambia mke wangu. Nilijiambia kwamba kiapo ni kiapo. Lakini kiapo kilinikataza kusema, hakikunikataza kuuza, na siku ya tatu niliweka karatasi zangu tano katika bahasha, nikapanda lori la pamba, nikashuka Baraka.

Nilikwenda kwa Mgiriki mwenye duka, mtu aliyenunua kila kitu, kuanzia mawese hadi meno ya kiboko. Nilimwambia nauza hisa, nina haja ya kujenga. Alizitandaza juu ya meza yake, akazigeuza, akasoma. Kisha akaninyanyulia macho.

"Wewe ndiye opereta wa simu wa Fizi?"

"Ndiyo, Bwana."

Akacheka, bila ubaya. Akazikusanya vizuri, akanirudishia. "Kama opereta anauza, mimi sinunui," alisema. Akaita mteja mwingine.

Nilitoka pale uso ukiwaka. Mgeni aliyenifahamu kwa sura tu alikuwa amenisoma kwa dakika moja. Nilipaswa kurudi Fizi siku ileile. Nilipaswa kuzirudisha kabatini, nipoteze pamoja na wengine. Badala yake nilikwenda kula kwa mjomba, kama nilivyofanya kila nikishuka, na bahasha ikiwa kwapani.

Tulikula bugali na ndagala, wale dagaa wa ziwani. Mjomba aliiona bahasha. "Iko nini?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema barua za kazi. Nikasema, "Ni zile hisa. Nilitaka kuziuza, nipate mabati."

Aliacha kula. "Unauza? Juu ya nini hukuniambia? Unapeleka kwa Mugiriki, na mi niko hapa?"

"Mujomba, ni bei kubwa."

"Bei njo nini?"

Nikamtajia bei ya siku ile, ile ya magazeti, ambayo nilijua imebakiza wiki chache tu. Nilitumaini itamshinda. Ningeweza kusema kwamba nilitumaini hivyo kwa moyo wote, lakini nimezeeka mno kudanganya. Nusu ya moyo wangu ilitaka ashindwe, na nusu ilikuwa tayari inahesabu mabati.

Aliinama akifikiri. Shangazi, mke wake, alimwambia kwa Kibembe aache, kwamba binti bado ana miaka miwili ya shule. "Njo juu yake yeye ninanunua," mjomba alimjibu. Kisha akanigeukia. "We ungekuwa mutu mwingine ningeogopa. Lakini mutoto ya dada yangu hawezi kunipa kitu kibaya. Ngoja."

Mchana ule aliuza cherehani kipya, kile cha kukanyaga, kwa fundi wa Mboko aliyekuwa akimsihi amwuzie tangu zamani. Walikibeba watu wawili mbele ya macho yangu. Mguu mmoja wa meza yake uligonga kizingiti, na mjomba akasema, "Polepole, polepole," akauchunguza kama umechubuka, ingawa hakikuwa chake tena. Akanilipa. Nikampa karatasi zote tano. Alizifunga katika kitambaa cheupe kilichobaki kwenye kanzu ya mtu.

Nilimwonyesha mahali pa kukata vile vipande vya faida. Nilimwonyesha hata hilo.

Nyumbani mke wangu aliniuliza mbona nimeuza kitu kilichokuwa kinatulisha. Nikasema mjomba alikitaka sana. Haukuwa uongo, na ndiyo maana uliniuma kuliko uongo. Mabati yakaja. Nyumba yetu ikawa ya tatu kuwa na bati katika mtaa wa makarani.

Mwezi uliofuata magazeti yakafika yakiwa na habari. Banki imepata hasara, hakuna faida mwaka huu, na bei ya hisa ilikuwa imeanguka hata haikufaa kuitaja. Mwaka uleule fujo zilitokea katika mji mkuu, Wazungu wakaanza kuhamisha mali zao, na bei haikuinuka tena. Mzungu wa pamba hakuwepo kuona. Alikuwa ameitwa Ulaya kupumzika. Tulimfanyia karamu ya kumuaga pale serkle, tukamwimbia kwa sauti nne kama mapadri walivyotufundisha, na mimi nilikuwa mmoja wa waliosoma hotuba. Yule mwalimu wa misheni, aliyekuwa amenunua hisa zake wiki tatu kabla, alimpa zawadi ya kiti cha kuchonga.

Mjomba hakusikia habari kwenye gazeti. Alikata kipande chake cha faida siku ilipofika, akavaa koti, akasafiri mpaka Uvira kwa wakala wa banki. Karani wa dirishani alimrudishia kipande chake na kumwambia kwa sauti, mbele ya watu, kwamba karatasi zile sasa zinafaa kufungia sukari. Alirudi kwa miguu mpaka Makobola kwa sababu hakutaka kuongea na mtu ndani ya lori.

Kutoka Makobola alipata gari. Hakuteremka Baraka kwake. Alipanda moja kwa moja mpaka Fizi, akanikuta ofisini, mlango ukiwa wazi, hakuna mteja. Koti lake lilikuwa jekundu kwa vumbi. Nilimpa kiti, akakataa.

"Minakuuliza neno moja," alisema. "Moja tu. Siku ile ulikuwa unajua?"

Nilikuwa na majibu mawili, na yote mawili nilikuwa nimeyafanyia mazoezi. Ningesema hapana, angeniamini; nilikuwa mwanawe. Ningesema ndiyo, pengine angenipiga, na baada ya kunipiga angelia, na baada ya kulia tungekuwa na mahali pa kuanzia. Nikachagua la tatu, la woga.

"Mujomba, kazi yangu hii ni ya siri. Niliapa. Siwezi kusema mambo yanayopita hapa."

Alinitazama, kisha akaitazama ile mashine ya simu. Mjomba wangu hakusoma shule, lakini alipima watu maisha yake yote kwa kuwatazama tu, na hakuwahi kukosea kiuno cha mtu.

"Sawa," alisema. "Nimesikia, Bwana Opereta."

Akatoka. Nilisimama mlangoni nikamwona akishuka barabara ya udongo, mikono nyuma. Tangu siku hiyo hakuniita tena mutoto ya dada yangu. Nilipokuja kumsalimu aliinuka kama anavyoinukiwa mgeni, akaniletea kiti chenye mgongo, akaniuliza habari za kazi. "Bwana Opereta anywe chai." "Bwana Opereta asikae juani." Hakuninyima chakula, hakunisema vibaya kwa mtu yeyote. Shangazi alitaka kunitukana mara moja, akamkataza.

Nilileta pesa, zote alizonilipa, katika bahasha. Akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka kando ya magoti yangu bila kuifungua. "Tuliuziana," alisema. "Mi ni mutu mukubwa. Nilinunua kwa akili yangu." Nilipeleka tena kupitia kwa padri, ikarudi. Nilijaribu kununua kile cherehani kutoka kwa fundi wa Mboko. Fundi alisema hauzi, kinamlisha.

Kwa hiyo mjomba alibaki na kile cha kuzungusha kwa mkono. Mkono mmoja unazungusha, mmoja unaongoza kitambaa. Kaptula aliyokuwa akiimaliza asubuhi moja sasa ilimchukua siku nzima. Makarani wakaanza kupeleka kaki zao kwingine. Binti yake alirudi kutoka Bukavu akiwa amebakiza mwaka mmoja. Nilikwenda kwa masista kuomba nimlipie mimi, kwa siri. Wakakubali, lakini yeye mwenyewe alipoambiwa alisema atamuuliza baba yake kwanza, na alipomuuliza, shauri likaishia hapo. Aliolewa Nundu na mvuvi. Nimekwenda kwake mara kadhaa. Ana watoto wanaojua kusoma kabla ya kuanza shule, kwa sababu anawafundisha mwenyewe ufukoni, kwa kijiti kwenye mchanga. Ananipa samaki wa kuchoma, anacheka na mke wangu. Jina la baba yake hatulitaji.

Mabati yale nilikaa chini yake miaka yote iliyobaki ya Fizi. Mvua ilipopiga hatukusikizana, mke wangu na mimi. Yeye nilimwambia ukweli mwishowe, siku moja tukipalilia muhogo. Hakushtuka. Alisema alijua tangu siku niliyorudi kutoka Baraka, kwa sababu nilimletea kitenge, na sikuwa mtu wa kuleta vitenge.

Mjomba alikufa kabla ya bendera kubadilishwa. Alikuwa na kifua kwa muda mrefu, lakini aliugua kitandani siku nne tu. Habari ilinijia kwa simu. Niliipokea kwa mkono wangu mwenyewe, herufi moja moja, na kabla haijaisha nilikuwa nimekwisha kujua jina litakalofuata. Nikaiandika vizuri, nikaikunja, nikaitia saini kama mpokeaji.

Nilifika Baraka kaburi likiwa limechimbwa. Katika ukoo wetu, mtoto wa dada ndiye anayetangulia kushika jeneza upande wa kichwa, na ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Watu wote walijua. Nilivua koti, nikasogea. Shangazi alikuwa amekaa chini na wanawake, akainua kichwa, kisha akakiinamisha. Mzee mmoja wa ukoo alinishika kiwiko, taratibu, kwa adabu kabisa.

"Marehemu alisema yule wa dada yake mudogo afanye," aliniambia. "Usikasirike, Bwana Opereta. Alisema we uko na kazi ya serikali, usichafue mikono."

Ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo, kijana wa kuvua samaki, alipita mbele yangu akashika jeneza. Mimi nikarudi nyuma nikasimama pamoja na wageni, wale wateja wa kanzu na kaptula, na udongo wa kwanza ulipoanguka niliusikia tu. Walionizunguka walikuwa warefu, sikuweza kuona.